Mwacheni mtoto asome: kwa wadogo zangu wa Louisville, Columbus na Buffalo



Mama mmoja wa Louisville, mzaliwa wa Fizi nchini Kongo, ameniletea ujumbe mrefu wa sauti. Binti yake ana miaka kumi. Shuleni wamepewa riwaya ya enzi za utumwa, na mtoto ameisoma mpaka machozi yakamtoka. Mama anasema: "Dada, sisi tumekimbia vita, tumekaa kambini Nyarugusu miaka na miaka, tumezika watu njiani. Mtoto huyu nimemleta huku apumzike. Kwa nini tena abebeshwe mateso ya watu wengine? Nimwombe mwalimu ampe kitabu kingine?"

Kutoka Columbus ameniandikia mama aliyelelewa Mombasa. Yeye hofu yake ni nyingine: mwanawe akijua yote haya, je, hatawachukia wenzake Wazungu darasani? Na kutoka Buffalo swali ni fupi. Mtoto ameuliza kwa nini yule kijana aliyeshambulia duka mjini kwao mwaka 2022 aliendesha gari safari ndefu vile ili aje kuua watu wanaonunua chakula, na mama hakuwa na la kujibu.

Nianze na jibu, maana najua wengine wenu mnasoma huku chungu kiko jikoni. Mwacheni mtoto asome, na mkae naye anaposoma. Riwaya ya kihistoria iliyoandikwa na mtu mwenye moyo, aliyefanya utafiti wake vizuri, ndiyo njia bora ninayoijua ya kumfikisha mtoto kwenye jambo zito bila kumvunja. Kitabu cha historia kitampa mwaka na idadi. Riwaya itampa mtoto mwenzake mwenye jina, mwenye mama mkali na rafiki mtundu, kisha itamwonyesha sheria mbaya ikimwangukia mtoto huyo. Mtoto huelewa dhuluma anapoiona inamfika mtu ambaye tayari ameshampenda. Na kulia juu ya kitabu si ugonjwa, mama. Binti yako amelia kwa sababu ana huruma, na huruma hiyo umemfundisha wewe.

Sasa hilo la mateso ya watu wengine. Nakuelewa, na sitaki mtu akuambie kwamba yaliyokupata Fizi ni madogo. Lakini mwanao anapopanda basi la shule asubuhi, hakuna anayemwona Mbembe wala Mkongo. Anaonekana mtoto mweusi, basi, na mji anaokaa una kumbukumbu zake kuhusu watoto weusi. Mto Ohio mnaouvuka kwenda dukani Jeffersonville ndio uliokuwa mpaka: upande wa Kentucky utumwa ulikuwa halali, ng'ambo ya Indiana ulikuwa umepigwa marufuku. Mtoro aliyesimama ukingoni aliiona nchi ya uhuru kwa macho yake. Na hata akivuka salama alikuwa bado anawindwa, maana sheria ya mwaka 1850 iliwapa mabwana nguvu ya kumfuata mtumwa hadi ndani ya majimbo huru, wamkamate wamrudishe. Hapo Louisville palikuwa na wafanyabiashara ambao kazi yao ilikuwa kununua watu na kuwapakia kwenye meli, wakauzwe kwenye mashamba ya pamba na miwa kule chini, hadi New Orleans. Utumwa ulifutwa nchi nzima kwa badiliko la katiba mwaka 1865. Bunge la Kentucky liliidhinisha rasmi badiliko hilo la katiba mwaka 1976. Wengine wenu mlikuwa mmeshazaliwa.

Haikuishia hapo. Mwaka 1914 jiji la Louisville lilipitisha sheria ya kumzuia mtu mweusi kuhamia kwenye mtaa wenye Wazungu wengi. Ilibidi kesi ifike Mahakama Kuu ya Marekani, kesi ya Buchanan dhidi ya Warley, ndipo sheria hiyo ikafutwa mwaka 1917. Sheria ilikufa, tabia ikabaki. Mwaka 1954 Andrew Wade, fundi umeme aliyewahi kutumikia jeshi, alitafuta nyumba yeye na mkewe Charlotte, wakakosa wa kuwauzia kule walikotaka. Mume na mke Wazungu, Carl na Anne Braden, wakanunua nyumba katika kitongoji cha Shively kwa niaba yao, kisha wakawakabidhi. Vioo vilivunjwa kwa mawe, msalaba ukachomwa moto karibu na nyumba, risasi zikapigwa, na mwishoni mwa Juni bomu likalipuka chini ya sakafu. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekufa. Hakuna aliyehukumiwa kwa bomu lile. Aliyepelekwa gerezani ni Carl Braden, kwa shtaka la uchochezi.

Nimewasimulia kisa hiki kwa makusudi. Kiko umbali mfupi kutoka nyumba mnazopanga, kina baba, mama na mtoto wao mdogo, na mtoto wenu akikisikia atauliza maswali mazuri kuliko yangu. Mwambie aandike hadithi yake mwenyewe: awe mtoto wa jirani anayechungulia dirishani siku familia ya Wade inapohamia. Anaona nini? Wazazi wake wanasemaje mezani usiku ule? Yeye kesho yake atafanya nini? Hapo atagundua kwamba dhuluma ina watendaji, ina wanaokaa kimya, na ina wachache wanaokataa. Mtoto wa miaka kumi anaweza kabisa kuandika hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu hatuambiwi siku ya kupokelewa uwanja wa ndege. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924 iliitengea Ulaya ya kaskazini na magharibi mlango mpana, na bara letu likaachiwa tundu la sindano. Mlango wetu ulifunguliwa na sheria mpya iliyotiwa saini Oktoba 1965, katika joto lile lile la harakati lililozaa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Watu walioumwa na mbwa na kumwagiwa maji ya mipira ya zimamoto kule Birmingham mwaka 1963, wengi wao watoto wa shule, walilipia sehemu ya safari yako wewe uliyetua ukiwa na mfuko wa nyaraka mkononi. Kitabu cha Christopher Paul Curtis kinachohusu familia ya Watson inayosafiri kwenda Birmingham mwaka huo huo wa 1963 kinamfikisha mtoto pale kwa kicheko kwanza, sura baada ya sura ya vituko vya nyumbani, kabla ya kumfikisha kwenye kanisa lililolipuliwa. Anza nacho kama mtoto ana miaka tisa au kumi na anapenda kucheka.

Na hapa niseme neno litakalowauma baadhi yenu, lakini mimi ni dada yenu na nani mwingine atawaambia? Kuna maneno tunayoyasema sebuleni mbele ya watoto. "Usifuatane na Wamarekani weusi, watakuharibu." "Wao walizaliwa hapa, wana kila kitu, mbona hawaendelei?" Nimeyasikia kwenye harusi na nimeyasikia kwenye matanga. Mtoto anayalamba maneno hayo kama asali, kisha anakwenda shuleni kuishi na watoto ambao bibi zao walinyimwa shule, walinyimwa nyumba na walinyimwa mkopo wa benki kwa sheria iliyoandikwa. Hapo tunakuwa tumemfundisha ubaguzi kwa mikono yetu.

Dawa yake ninayoijua ni kitabu cha Mildred D. Taylor, Roll of Thunder, Hear My Cry, kilichotoka mwaka 1976. Ni Mississippi ya mwaka 1933, na msimulizi ni Cassie, msichana wa miaka tisa. Mapema kabisa watoto weusi wanagawiwa vitabu vya shule. Mdogo wake Cassie, kijana msafi anayejipenda, anafungua chake akakuta kichakavu, kina uchafu, na ndani ya jalada kuna orodha inayoonyesha kitabu kimepita kwa akina nani. Wazungu ndio waliokitumia mwaka baada ya mwaka, na kilipochakaa kabisa ndipo kikapewa mtoto mweusi. Anakikataa, na anachapwa kwa kukikataa. Someni ukurasa huo pamoja, kisha funga kitabu, umwulize mwanao: wewe ungefanyaje? Watoto wetu waliosoma kambini, watano wakigawana kitabu kimoja, wana la kusema hapo, na ninyi wazazi mna la kuongeza. Ukishasoma jinsi familia ya Cassie inavyopigania shamba lake isinyang'anywe, ule usemi wa "mbona hawaendelei" utakushinda kuutamka.

Columbus sasa. Mna bahati ambayo sijui kama mnaijua. Jacqueline Woodson, mmoja wa waandishi wakubwa wa vitabu vya watoto duniani, alizaliwa mjini kwenu mwaka 1963. Kitabu chake cha mashairi kuhusu utoto wake, Brown Girl Dreaming, kilipata Tuzo ya Taifa ya Vitabu mwaka 2014. Kwa wadogo wa miaka mitano hadi minane ana The Other Side, kitabu cha picha: msichana mweusi na msichana wa Kizungu, kati yao uzio ambao wamekatazwa kuuvuka. Kwenda saa moja na kitu kwa gari upande wa magharibi mtafika Yellow Springs, alikozaliwa Virginia Hamilton, Mwamerika mweusi wa kwanza kupata nishani ya Newbery ya vitabu vya watoto, mwaka 1975. Babu yake aliletwa Ohio angali mtoto mchanga na mama yake aliyetoroka utumwani Virginia. Hamilton aliandika The House of Dies Drear, 1968, riwaya ya kutisha kidogo kuhusu mvulana wa miaka kumi na tatu anayehamia na wazazi wake katika nyumba ya zamani iliyokuwa ikificha watoro, yenye njia za chini kwa chini na siri katika kuta zote. Wavulana wanaosema hawapendi kusoma, wapeni hiki. Na mkimaliza, nendeni mtaa wa East Town hapo hapo Columbus, kwenye nyumba ya familia ya Kelton iliyojengwa mwaka 1852. Ni makumbusho sasa. Msichana mtoro kutoka Virginia aitwaye Martha alipokelewa humo akalelewa humo.

Mama wa Mombasa, swali lako la chuki nalijibu hivi. Mtoto hujifunza kuchukia watu pale anapoonyeshwa kabila zima la waovu na kabila zima la wanaoteswa. Riwaya nzuri haifanyi hivyo. Ndani yake kuna Mzungu anayeficha watoro na Mzungu anayewauza, kuna mweusi shujaa na mweusi anayewasaliti wenzake kwa vipande vya fedha. Chagua vitabu vya namna hiyo. Ogopa zaidi vile vinavyopaka dhuluma sukari. Mwaka 2016 kampuni kubwa ya vitabu ilitoa kitabu cha picha kuhusu Hercules, mpishi mtumwa wa Rais George Washington, akioka keki ya siku ya kuzaliwa ya bwana wake yeye na binti yake, nyuso zimejaa tabasamu. Wazazi na wakutubi walipiga kelele, kitabu kikaondolewa sokoni mwezi ule ule kilipotoka. Hercules wa kweli alitoroka Februari 1797, siku Washington alipotimiza miaka 65. Hadithi hiyo ya kutoroka ndiyo mtoto angestahili kusimuliwa.

Tena usikubali vitabu ambavyo mtu mweusi yumo kwa ajili ya kuokolewa tu. Tafuta vile ambavyo ndani yake anafikiri, anapanga, anakosea, anapenda, anakasirika. Kama mtoto wako mdogo hajafika miaka kumi, Henry's Freedom Box cha Ellen Levine kinafaa sana, kisa cha kweli cha Henry Brown aliyejifungia ndani ya sanduku mwaka 1849 akatumwa kama mzigo kutoka Richmond hadi Philadelphia, mtu aliyepanga ukombozi wake mwenyewe na kuulipia.

Na mfundishe mtoto kutenganisha kilichobuniwa na kilichotokea. Vitabu vingi vya watoto vinasimulia kwamba watumwa walishona mablanketi ya viraka yenye ramani za siri za kutorokea. Ni hadithi nzuri. Lakini wanahistoria waliochunguza hawakupata ushahidi wa wakati ule unaoithibitisha. Mtoto akijua hivyo hapotezi kitu, anapata kazi: akague kitabu kama wakili, hiki mwandishi amekitoa wapi, kile amekibuni kwa nini. Mara nyingi mwandishi mwaminifu huweka maelezo yake nyuma ya kitabu. Someni kurasa hizo za nyuma mkishamaliza hadithi.

Mama wa Mombasa, nina zaidi kwako. Mpe mwanao Elijah of Buxton, cha huyo huyo Christopher Paul Curtis, 2007. Elijah ana miaka kumi na moja, ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa huru katika kijiji cha Buxton nchini Kanada, kijiji cha watoro kilichoanzishwa mwaka 1849 na ambacho wazao wake wapo mpaka leo. Kila watoro wapya wanapofika, kengele inapigwa. Mwanao akifika hapo, mwambie kuhusu Kengeleni kule Mombasa, anakopita kila likizo akienda kwa bibi. Kengele ya Freretown inayosimama pale iliwekwa na wamisionari waliowapokea watumwa waliokombolewa baharini kuanzia miaka ya 1870, nayo ilipigwa kuwatahadharisha watu kwamba wakamataji wanakuja. Kengele mbili, bahari mbili, watu wale wale. Sijaona njia fupi kuliko hiyo ya kumwonyesha mtoto wa Kiswahili kwamba historia hii anaijua tangu tumboni.

Maana hatuwezi kumfundisha ya Kentucky tukamficha ya kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe kisheria uliendelea Unguja na Pemba hadi 1897, pwani ya Kenya hadi 1907, Tanganyika hadi 1922. Waliouza na kumiliki watu walikuwa Waarabu, walikuwa Waswahili, walikuwa wakuu wa bara, na nyuma yao walikuwapo wafadhili Wahindi na wanunuzi Wafaransa na Waingereza wa karafuu na pembe. Mtoto aelezwe hivyo hivyo, kwa ukamilifu, ili asiende kumtukana mwenzake Mwarabu darasani. Tunayo riwaya yetu ya mwanzo kabisa ya jambo hili, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, 1934, iliyoandikwa na mzawa wa Freretown kutokana na masimulizi ya wazee wake. Isome wewe mzazi kwanza, kwa sababu imewavisha Waingereza joho la ukombozi kupita kiasi na wakoloni waliipenda kwa sababu hiyo. Kwa kijana wa miaka kumi na sita anayesoma Kiswahili vizuri, Kasri ya Mwinyi Fuad cha Adam Shafi kinaonyesha ubwana na utwana wa mashamba ya Unguja bila huruma ya bandia.

Na hapo Columbus, kama ilivyo Louisville na Buffalo, wako majirani zenu Wabantu wa Somalia. Mababu zao walitolewa kwa nguvu katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakapelekwa mashambani bonde la Mto Jubba. Wengine wanazungumza Kizigua mpaka leo, karne na nusu baadaye. Kwao waliitwa majina ya kuwadhalilisha kwa sababu ya nywele zao, walinyimwa shule na ardhi, na vita ilipoanza mwaka 1991 hawakuwa na ukoo wa kuwalinda. Marekani ilianza kuwapokea kwa wingi kutoka kambi za Dadaab na Kakuma mwaka 2003 na 2004. Mtoto wa Kiswahili na mtoto wa Kizigua wanakaa dawati moja Ohio. Riwaya ya watoto hao wawili bado sijaiona ikiandikwa, na ninamngoja kijana wenu mmoja aiandike.

Buffalo, wadogo zangu, nimewaacha mwisho kwa sababu swali lenu ndilo gumu. Tarehe 14 Mei 2022, katika duka la Tops barabara ya Jefferson, watu weusi kumi waliuawa na kijana wa Kizungu aliyesafiri zaidi ya maili mia mbili kuwafuata, kwa sababu ya rangi yao tu. Mtoto anayeuliza kwa nini anastahili jibu la kweli. Mwambie: kijana yule alisoma na kuamini uongo wa zamani sana, kwamba watu weusi ni wageni wanaokuja kuwanyang'anya Wazungu nchi. Kisha mwonyeshe kwamba uongo huo ulipingwa hapo hapo mjini kwenu, tena kwa muda mrefu.

William Wells Brown alizaliwa mtumwa Kentucky mwaka 1814 hivi. Alitoroka siku ya kwanza ya mwaka 1834, akishuka kwenye meli huko Cincinnati baada ya kupanda Mto Ohio, akavuka jimbo la Ohio kwa miguu wakati wa baridi kali, nusura afe. Mwaka 1836 akahamia Buffalo. Akifanya kazi kwenye meli za Ziwa Erie aliwavusha watoro kwenda Kanada, na katika mwaka 1842 peke yake aliwavusha 69. Mwaka 1853 akachapisha London riwaya iitwayo Clotel, riwaya ya kwanza kuchapishwa na Mwamerika mweusi, kuhusu mabinti waliozaliwa na mtumwa wa kike na rais wa nchi. Clotel si kitabu cha watoto. Lakini maisha ya Brown ni hadithi ya kusimuliwa mezani, na imepita katika majimbo yenu yote matatu. Mtu aliyekatazwa kujifunza kusoma alichagua riwaya iwe silaha yake.

Mpeleke mtoto kanisa la Michigan Street Baptist, lililojengwa miaka ya 1840, walikojificha watoro kabla ya kuvuka. Msimulie Mary Talbert, muumini wa kanisa hilo. Mwaka 1901 Buffalo ilifanya maonyesho makubwa ya mabara ya Amerika, na kwenye uwanja wa burudani wakaweka kijiji kilichoitwa Darkest Africa, Waafrika wakaonyeshwa kwa watazamaji waliolipa kiingilio. Talbert alisimama kudai kwamba watu weusi wawakilishwe kwa kazi na mafanikio yao. Miaka minne baadaye W.E.B. Du Bois na wenzake walikutana ng'ambo ya mto, Fort Erie, wakaanzisha vuguvugu la Niagara la kudai haki za watu weusi. Mtoto wa Kikongo wa Buffalo anayeulizwa shuleni kama kwao watu wanakaa na simba, ajue kwamba swali hilo lina historia, na kwamba kulikuwa na mwanamke wa kulikataa.

Kuhusu neno lile baya la kuwatusi weusi, mtalikuta ndani ya vitabu hivi. Wavulana wetu wanaliimba kama salamu. Katika Elijah of Buxton kuna mahali Elijah analitamka ovyo, na mzee mmoja aliyekuwa mtumwa anampiga, kisha anamweleza, kwa uchungu, neno hilo lilikuwa linafanya kazi gani. Msimruhusu mtoto aruke ukurasa huo. Mwisho wa kitabu hicho ni mzito, kwa hiyo msimsomee sura za mwisho wakati wa kulala. Someni mchana, Jumamosi, mkiwa na muda wa kukaa kimya na wa kuzungumza. Na mtoto akisema inatosha kwa leo, fungeni. Waliotoka kwenye vita, hasa wale waliomwona mtu akiuawa, wana haki ya kuchagua wenyewe ni lini watarudi kwenye ukurasa ule. Mwambieni mwalimu hivyo waziwazi. Hilo ni ombi halali kabisa, na ni tofauti na kuomba kitabu kiondolewe.

Wengi mmeniambia: dada, Kiingereza chenyewe cha kitabu hatukijui. Haidhuru. Mtoto asome sura moja, kisha akusimulie kwa Kiswahili jioni. Kusimulia kunamfanya aelewe mara mbili, na Kiswahili chake kinakua. Maktaba za miji yenu yote mitatu zina vitabu vya kusikiliza bure, kwa simu, mkiwa na kadi. Na mkienda Louisville, pitieni tawi la Western, pembe ya mtaa wa Kumi na Chestnut. Lilianza mwaka 1905, na jengo lake likafunguliwa 1908, kwa ajili ya watu weusi waliokatazwa kuingia maktaba nyingine, chini ya mkutubi mweusi Thomas Fountain Blue. Mshairi Joseph Cotter aliwaanzishia watoto wa mtaa huo mashindano ya kusimulia hadithi. Mama wa Fizi, mpeleke binti yako hapo. Umwambie tawi hilo lilifunguliwa na watu waliotaka yeye asome.

Wiki hii chukueni kitabu kimoja, kimoja tu, kati ya hivi nilivyotaja. Mkifika katikati niandikieni, mniambie mtoto ameuliza nini.